Matairi ya baridi: unachonunua ni uwezo wa kusimama

Jumapili moja katikati ya Novemba, mwaka wangu wa kwanza hapa Sherbrooke, mkoa wa Quebec nchini Kanada, nilikuwa nashuka na gari mtaa wa King kuelekea mto Saint-François. Theluji ilikuwa bado. Usiku kulinyesha manyunyu, alfajiri yakaganda, na lami ikawa inang'aa kama imepakwa mafuta. Taa ikawaka nyekundu. Nikakanyaga breki, gari likaendelea na safari yake. Pedali ilitetemeka chini ya mguu wangu, tak-tak-tak-tak, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukifanya kazi yake yote, na gari likateleza polepole, mwendo wa mtu anayetembea, mpaka katikati ya makutano. Gari la upande wa pili lilikuwa mbali, tukapona. Mke wangu alikuwa kiti cha nyuma na mtoto. Hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani.

Aliyeniuzia gari lile alikuwa ameniambia mambo mawili: kwamba matairi yake ni ya misimu yote minne, na kwamba hapa Quebec sheria inadai matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba. Yote mawili yalikuwa kweli. Nilichokuwa sijaambiwa ni kwa nini tairi la baridi lipo, na hilo ndilo ninalolieleza kila mwaka ifikapo Septemba, simu zinapoanza. Mwaka jana alikuwa shemeji yangu, aliyefika hapa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma.

"Shemeji, wananiambia ninunue matairi mengine manne. Haya yangu yana kashata nzima, bado mapya. Si wanataka kunila hela tu?"

Nilimjibu kwa habari ya mafuta ya mawese. Mtu yeyote aliyeishi Kigoma anajua mawese yanavyofanya asubuhi ya baridi: jana yalikuwa yanamiminika, leo yamekaa kwenye chupa kama sabuni. Mpira wa tairi haugandi kwa namna ile ile, lakini nao una tabia yake. Ukiwa na joto hulegea, ukipata baridi hukakamaa, na kila mchanganyiko wa mpira una kiwango chake cha kukakamaa. Tairi la kiangazi limetengenezwa lihimili lami yenye joto kali bila kulika haraka. Hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, mpira wake huanza kuwa mgumu, na kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri unakuwa karibu na plastiki. Kashata, vile vipande vya mpira vinavyojitokeza juu ya tairi, zinaweza kuwa ndefu kama kidole. Kama mpira wenyewe hauwezi kujikunja na kukumbatia vijishimo vya barabara, hazishiki kitu.

Tairi la baridi limechanganywa kwa hesabu nyingine. Lina mpira wa asili kwa wingi zaidi, na lina silika, unga wa madini ya jamii ya mchanga, ili libaki laini kwenye baridi ambayo ingelikaza tairi la kiangazi. Kwa hiyo kazi yake inaanza kabla theluji haijaanguka. Asubuhi kavu ya nyuzi 5 chini ya sifuri, barabara tupu, tayari liko mahali pake.

Jambo la pili ni umbo. Litazame tairi la baridi kwa karibu utaona kila kipande cha kashata kimechanjwa chale nyembamba, nyingi, za mawimbi, kama mganga alipitisha wembe. Gurudumu linapobonyezwa na uzito wa gari, chale zile hufunguka, na kila ukingo unakwangua barafu. Mifereji mikubwa kati ya kashata ina kazi nyingine: inajaza theluji na kuishindilia. Wageni huona tairi limejaa theluji wakadhani limeshindwa. Kinyume chake, theluji hushikana na theluji vizuri kuliko inavyoshikana na mpira, na ndiyo maana ukiviringisha tonge la theluji linakua. Tairi linabeba theluji ili iishike iliyo chini.

Barafu ni adui mwingine kabisa, na watu wengi hawajui kwamba haiko sawa siku zote. Barafu ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni kavu, na mpira laini huishika kiasi. Barafu iliyo karibu na sifuri ina utando wa maji juu yake, na ule utando ndio unaokutupa. Ile ya mtaa wa King ilikuwa ya namna hiyo. Siku za kuogopa zaidi ziko Novemba na Machi, siku ambazo mtu anatoka nje na koti jepesi.

Wafini walilielewa jambo hili mapema. Kiwanda ambacho leo kinaitwa Nokian Tyres kilitoa tairi la theluji la malori mwaka 1934, likiwa na mifereji ya kukingama, na mwaka 1936 kikatoa la magari madogo. Kabla ya hapo watu walifunga minyororo.

Sasa twende dukani. Ubavuni mwa tairi kuna alama mbili zinazochanganywa kila siku. Ya kwanza ni herufi M+S, yaani matope na theluji. Herufi hizo huandikwa na mtengenezaji mwenyewe kwa kutazama umbo la kashata; hakuna jaribio analolazimika kulifaulu. Matairi mengi ya misimu yote yanazo, na hata mengine ya magari ya porini ambayo kwenye barafu ni hatari tupu. Ya pili ni picha ya mlima wenye vilele vitatu, ndani yake kipande cha theluji chenye ncha sita. Picha hii ilianza Marekani na Kanada mwaka 1999, na tairi huipata baada ya kupimwa kwenye theluji iliyoshindiliwa na kulishinda kwa kiasi maalumu tairi la kulinganishia. Hapa Quebec ni mlima huo unaotakiwa na sheria, au tairi lenye misumari. M+S peke yake haitoshi.

Lakini msiutegemee mlima kwa yote. Jaribio lake hupima jinsi tairi linavyovuta kwenye theluji. Halipimi kusimama juu ya barafu, wala kukata kona. Ndiyo maana matairi mawili yote yana mlima na bado moja linasimama vizuri zaidi kwenye barafu kuliko jingine. Kwa hiyo baada ya kuuona mlima, bado tafuteni majaribio huru ya magazeti ya magari na vyama vya madereva, na mtazame safu ya breki kwenye barafu kabla ya safu nyingine yoyote.

Quebec ilianza kuyalazimisha matairi haya msimu wa baridi wa 2008, kuanzia 15 Desemba hadi 15 Machi, na mwaka 2019 mwanzo ukasogezwa hadi 1 Desemba. Anayekamatwa hulipa faini ya dola 200 hadi 300. Jirani zetu wa Ontario hawalazimishwi, lakini tangu 2016 kampuni za bima za huko zinatakiwa kumpunguzia malipo aliyefunga matairi ya baridi, kwa hiyo ndugu walioko Toronto na Ottawa waulize, maana wengi hawaulizi. Ujerumani nako, tangu Oktoba 2024, ni mlima tu unaohesabika. Swiden inayadai kati ya 1 Desemba na 31 Machi barabara ikiwa na hali ya baridi, na kina cha kashata kisipungue milimita 3.

Tarehe za sheria zisiwe kalenda yenu. Mimi hufunga yangu wiki za mwisho za Oktoba. Theluji ya kwanza ikishaanguka, kila gereji mjini ina foleni ya wiki mbili au tatu, na saizi za kawaida zimekwisha rafuni.

Kuna tairi la kati ambalo linawavuta wengi, nalo ni tairi la hali zote za hewa. Si lile la misimu yote; hili lina mlima, linakubalika kisheria, na linakaa kwenye gari mwaka mzima. Kwa mama anayekwenda kazini kilomita 5 katikati ya mji tambarare, barabara zikisafishwa mapema, naona linafaa, na linamwondolea usumbufu wa kubadilisha. Kwa anayeishi kwenye vilima kama hivi vyetu, au anayetoka zamu ya usiku saa kumi alfajiri kabla magari ya chumvi hayajapita, ningemsihi anunue la baridi kamili. Mpira unaoweza kuvumilia Julai lazima uwe umeacha kitu Januari.

Matairi ya misumari yanashika barafu tupu kuliko yote, hasa ile ya karibu na sifuri. Yana kelele, yanaikwangua lami, na mahali pengi yana mipaka: Quebec inayaruhusu kuanzia 15 Oktoba hadi 1 Mei, na Ontario inayaruhusu kwa wakazi wa kaskazini. Japani waliyaondoa kwa sheria ya mwaka 1990, baada ya miji kama Sendai kujaa vumbi la lami kila msimu wa baridi, na viwanda vyao vikageukia mpira laini wenye chale nyingi. Kama unaishi shambani kwenye njia isiyomwagiwa chumvi, yafikirie. Mjini sioni haja.

Kuhusu saizi, msikisie. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna karatasi. Ya Corolla ya shemeji ilisema 205/55 R16 91H. Maana yake: upana milimita 205, kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 16, 91 ni uwezo wa kubeba kilo 615 kwa kila tairi, H ni mwendo wa juu wa kilomita 210 kwa saa. Namba ya uzito isishuke kamwe. Herufi ya mwendo inaweza kushuka kidogo kwa tairi la baridi, na wala isiwatishe: hata Q, ya kilomita 160, hakuna barabara ya theluji inayoifikia.

Hapa kuna nafasi ya kuokoa hela. Gari lile lile huuzwa pia na matairi ya 195/65 R15. Tukapiga hesabu mezani na shemeji, kalamu mkononi. La kwanza: 205 mara 0.55 ni kama 113 kila upande, mara mbili ni 226, jumlisha rimu ya 406 (ndizo inchi 16), jumla milimita 632. La pili: 195 mara 0.65 ni 127, mara mbili ni 254, jumlisha 381, jumla 635. Tofauti ya milimita 3, kitu kisichosumbua hata kipima mwendo. Tairi jembamba zaidi lina faida mbili: linaikata theluji nzito badala ya kuelea juu yake, na bei yake iko chini. Kabla ya kununua, hakikisheni kwa fundi kwamba rimu ndogo haigusi breki.

Kisha yawe manne. Kila mwaka nakutana na mtu aliyefunga mawili mbele kwa sababu gari lake linavuta mbele. Anaondoka vizuri kwenye maegesho, anajiamini, halafu kwenye kona ya kwanza mbele kunashika na nyuma hakushiki. Mkia unampita. Na wenye magari yanayovuta miguu yote minne, sikilizeni nanyi: ule mfumo unasaidia gari kuondoka. Kwenye breki kila gari lina magurudumu manne na breki nne, na kinacholisimamisha ni sehemu ya mpira inayogusa chini, kila tairi eneo la kama kiganja cha mkono. Wanaoonekana mitaroni baada ya theluji kubwa si wenye magari madogo tu.

Shemeji alipoona bei ya matairi mapya, akatafuta mtumba. Akapata tangazo: matairi manne ya baridi, "kama mapya", dola 150. Tukaenda jioni, mimi na tochi na kile kipimo kidogo cha kina kinachouzwa dola chache. Muuzaji alikuwa ameyapanga kwenye veranda, yamepakwa dawa ya kung'arisha, meusi yanapendeza. Nikapiga magoti. Mlima upo. Kina: milimita 6 kwenye mawili, 4 kwenye mengine. Nikatafuta neno DOT na kulifuata mpaka tarakimu nne za mwisho, ambazo mara nyingi zimeandikwa upande mmoja tu wa tairi, na huwa ni ule uliogeuzwa ukutani. Nikayageuza. 3612: wiki ya 36 ya mwaka 2012. Nikaminya kashata kwa ukucha. Haikubonyea. Chini ya mng'ao, kwenye shina la kashata, kulikuwa na nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka. Nikamrudishia shemeji tochi naye aone kwa macho yake.

Mtumba mzuri upo, na sina neno nao. Watu huuza gari wakabaki na matairi ya msimu mmoja. Vipimo vyangu ni hivi: umri usiozidi miaka 4 siku ya kununua, kina kisichopungua milimita 6, manne ya aina moja, na ubavu usio na uvimbe wala kiraka. Tairi jipya la baridi huwa na milimita 8 au 9. Kisheria linaisha kwenye 1.6, lakini kwenye theluji limeisha mapema sana kabla ya hapo. Likikaribia 4 mifereji haibebi tena theluji ya kutosha, na chale nyingi zimefika mwisho. Yangu huyatoa yakifika 4 hata kama polisi hana neno nayo. Na baada ya miaka sita tangu kutengenezwa sifungi tena, kwa sababu ule ulaini niliolipia umekwisha kutoweka.

Mwishowe shemeji alinunua mapya ya inchi 15, dola 520 kwa manne, pamoja na rimu za chuma za mtumba kwa 300. Alisita kwenye rimu. Hesabu yake iko hivi: gerejini kwetu kubadilisha magurudumu yaliyo tayari kwenye rimu ni kama dola 60, kuyavua matairi kwenye rimu, kuvalisha mengine na kuyafanyia balansi ni kama 100. Mara mbili kwa mwaka, anaokoa 80, na kabla ya miaka minne rimu zimejilipa. Tena tairi halivuliwi na kuvalishwa kila msimu, jambo linalolichosha pale linapoubana mdomo wa rimu. Akijua kutumia jeki na spana, hata ile 60 inabaki mfukoni. Nati zikazwe tena baada ya kilomita 100 hivi, na kama gari lilikuja na rimu za aloi, muulizeni fundi kama nati zile zile zinakaa kwenye rimu ya chuma, kwa maana si zote zinakaa. Gharama ya matairi yenyewe si maradufu kama inavyoonekana: miezi mitano ya baridi yale ya kiangazi yamepumzika, na yatafika mbali zaidi.

Upepo nao. Kila hali ya hewa inaposhuka nyuzi 5 au 6, tairi hupoteza kama psi 1, yaani kipimo cha upepo wa tairi. Ukijaza 33 ndani ya gereji yenye nyuzi 20, asubuhi ukakuta nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, tairi halina pancha, lakini limebaki na kama 26, na gari linalala kwenye kona. Pimeni asubuhi kabla ya kuondoka, angalau mara moja kwa mwezi. Nimeona watu wakilalamikia matairi mazuri kabisa ambayo shida yake ilikuwa upepo.

Nyuzi zikipita 7 na kukaa huko, kwetu mara nyingi ni mwishoni mwa Aprili, yavueni. Juu ya lami ya joto mpira ule hulika kama kifutio, na umbali wa kusimama unaongezeka. Yaandikeni kwa chaki yalikotoka, mbele kulia, nyuma kushoto, yasafisheni chumvi, na myaweke mahali pakavu pasipo jua.

Masika hii shemeji alinipigia tena. Kaka yake Kigoma alikuwa ameomba atumiwe matairi ya baridi ya zamani aliyokuwa nayo shemeji, si yale mapya. Kulikuwa na mtu anajaza kontena. "Kashata bado zipo, shemeji. Kule watu wanatembelea vipara."

Nikamkumbusha yale magari yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam kutoka Japani. Mengine hufika na matairi yameandikwa STUDLESS ubavuni, yaani matairi ya baridi yasiyo na misumari, na mnunuzi hufurahi kwamba amepewa matairi yenye kashata nyingi. Nilikuwa na gari la namna hiyo kabla sijaja huku, na sikujua neno lile lina maana gani. Barabara ya Kasulu, mchana, lami inafukuta, gari linayumba kama limekanyaga godoro, na kwa muda mfupi zile chale zilikuwa zimeng'ofoka vipande vipande. Fundi alidhani ni springi.

Akanyamaza kidogo kwenye simu. Kisha akaniuliza gereji ipi inapokea matairi chakavu bila malipo. Tulikwenda kuyaacha Jumamosi, na njiani kurudi tukapitia dukani kumtafutia kaka yake kipimo cha upepo.